Wiki ile mbaya kabla ya mp (hedhi): mwongozo kamili kwa wadada wa Kigoma, kuanzia daftari mpaka hospitali

Mwakeye wadada. Huu mwongozo ni wa yule ambae kila mwezi kuna siku anakua mtu mwingine kabisa, matiti yanauma hata kanga ikigusa tu, tumbo limejaa, usingizi haueleweki, mtoto akimwaga uji unalia au unamchapa, afu damu ikishatoka siku mbili tatu unarudi kua wewe na unaanza kuzunguka kuomba watu msamaha. Uwe unaanika dagaa Kibirizi, unauza nguo Mwanga au uko kidato cha nne Ujiji, mwili unafanya kazi ileile, kinachotofautiana ni unavyojipanga.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaenda mbali. Dalili za kabla ya hedhi, PMS kama wengi wanavyoiita, haijulikani kwa aina ya dalili, inajulikana kwa tarehe. Kichwa kinauma kwa malaria, kwa njaa, kwa presha, kwa mawazo ya ada. Kinachofanya kiwe cha hedhi ni kwamba kinakuja siku zilezile za mwezi wako na kinaondoka damu ikishaanza. Ndo mana kila kitu humu kinaanzia kwenye daftari, dawa zinakuja baadae sana.

Kwanza ujue mwezi wako unavyotembea

Siku ya 1 ni ile damu inapotoka ya kuvaa pedi, matone ya kahawia ya jana yake usiyahesabu. Unahesabu mpaka siku moja kabla ya damu inayofata, hapo umepata urefu wa mwezi wako, yaani mzunguko. Kwa mtu mzima popote kati ya siku 21 na 35 ni kawaida, na damu yenyewe siku 2 mpaka 7. Wasichana walioanza juzi juzi mwezi unaweza kufika hata siku 45, kwa hiyo mama usimkalishe mtoto wa miaka 13 kikao kisa mwezi huu amechelewa wiki.

Damu ikikauka homoni ya estrojeni inaanza kupanda, wengi hapo wanajisikia wepesi, kazi zinaenda. Yai linatoka kama wiki 2 kabla ya damu INAYOFATA, sio lazima siku ya 14 kama tulivyokaririshwa shule, mwenye mwezi wa siku 35 yai lake linatoka karibu na siku ya 21. Baada ya hapo projesteroni inapanda, na kama hamna mimba homoni zote mbili zinashuka kwa kasi siku za mwisho. Huko kupanda na kushuka kunagusa kemikali za ubongo, mojawapo ni serotonini ambayo inahusika na mudi, usingizi na hamu ya kula, ndo unajikuta unatafuta mandazi saa tano usiku huku unalia na huelewi unalilia nini.

Na hapa wengi wanaliwa hela. Wenye PMS kali wakipimwa, homoni zao kwa kawaida zinakutwa ziko sawa tu na za wasiosumbuliwa, tofauti ni jinsi ubongo wao unavyoyapokea yale mabadiliko. Kwahiyo mtu akikwambia homoni zako zimevurugika bila kukupima chochote afu anakuuzia chupa ya kusafisha kizazi na kubalansi homoni, hela yako irudishe kwenye pochi. Kizazi hakisafishwi kwa dawa ya chupa, kinajisafisha chenyewe kila mwezi na hiyo ndo hedhi.

Kuna wanaohesabu kwa mbalamwezi. Inaeleweka, huku kwetu mwezi wa angani unapanga mpaka bei ya kitoweo, mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika. Lakini mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, wako unaweza kua 26 au 33, mtaenda pamoja kidogo afu mtapotezana. Hesabu kwa tarehe.

Hatua ya kwanza: daftari, mizunguko miwili

Hii ndo sehemu watu wanairuka na ndo sehemu yenye faida kuliko zote. Nunua daftari dogo, ukurasa mmoja mzunguko mmoja. Pembeni andika namba 1 kwenda chini mpaka 35, hizo ni siku. Juu piga safu tano: damu, mwili, mudi, usingizi, mengineyo.

Usiandike kila kitu duniani. Chagua dalili tano au sita ambazo ndo zinakutesa wewe, mfano matiti, tumbo kujaa, kichwa, hasira, kulia, uchovu. Kila usiku kabla hujashusha neti uipe kila moja namba: 0 hamna, 1 ipo ila naendelea na kazi, 2 inanisumbua kweli, 3 imenishinda. Inachukua dakika mbili. Muhimu ni kuandika siku ileile, mana ukisubiri Jumapili ukumbuke wiki nzima utaandika vile unavyojisikia Jumapili, na kama Jumapili uko vizuri utajidanganya kwamba wiki yote ilikua poa.

Safu ya mengineyo usiidharau. Hapo unaweka mtoto alikua anaumwa, nimegombana na wifi, nimesafiri usiku kwenda Kasulu, nimefunga, nimechomwa sindano ya uzazi wa mpango, nimekunywa dawa gani. Bila hiyo safu utakuja kuilaumu hedhi kwa kosa la wifi.

Kama unaishi kwenye nyumba ya watu wengi na hutaki mtu asome, tumia alama, duara kwa damu, nyota kwa hasira, unavyotaka mwenyewe. Kwenye simu kuna programu za bure za kuhesabu siku na ni nzuri tu, ila ile sehemu inayokuonyesha siku salama usiitegemee kuzuia mimba, programu inakisia kutokana na miezi iliyopita na yai halina mkataba nayo. Kalenda ya ukutani nayo inafaa ila haina nafasi ya namba zote hizo.

Mizunguko miwili ikiisha kaa chini usome. Utaona moja kati ya picha tatu. Ya kwanza, namba zinapanda wiki ya mwisho au mbili za mwisho, zinashuka ndani ya siku kama nne tangu damu ianze, na baada ya damu kuna angalau wiki moja safi yenye 0 na 1. Hiyo ndo PMS yenyewe. Picha ya pili, namba ziko juu mwezi mzima afu kabla ya damu zinakua mbaya zaidi. Hapo kuna kitu kingine chini, inaweza kua sonona, wasiwasi, upungufu wa damu, tatizo la tezi ya shingoni, na hedhi inakichochea tu, ukitibu PMS peke yake hutapona. Ya tatu namba hazina mpangilio wowote, leo juu kesho chini. Hiyo tafuta chanzo kwingine na achana na hedhi.

Usichanganye na malaria, wala na mimba

Huu mkoa wetu malaria ni nyingi, kwahiyo mtu akiamka viungo vinauma, kichwa kizito, hana nguvu, moja kwa moja anaenda duka la dawa kuchukua mseto. Siku tatu baadae damu inatoka, anajisikia vizuri, anasema mseto umefanya kazi. Mwezi unaofata tena. Kuna watu wanameza mseto kama vitamini. Kinyume chake nacho kipo, na ni hatari zaidi, mtu anasema aah ni mp hii inakuja kumbe malaria inapanda.

Dawa ya mkanganyiko huo ni kipimo. PMS haileti homa. Ni kweli baada ya yai kutoka joto la mwili linapanda kidogo, kama nyuzi 0.3 mpaka 0.5 hivi, ndo ile unajisikia jotojoto usiku, lakini ukipimwa ukakutwa na nyuzi 38, au unatetemeka, unatapika, hiyo sio hedhi. Nenda kapime, zahanati wana kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, majibu ndani ya nusu saa.

Na mimba changa inaanza vilevile kabisa, matiti, uchovu, mudi, tumbo kujaa. Siku zikipitiliza na kuna uwezekano, pima mkojo kabla hujaanza kumeza dawa yoyote ya maumivu.

Kuhusu chango. Ukimwambia bibi tumbo linakuuma kila mwezi atakwambia ni chango, na atakuchemshia mizizi. Mimi sibishani na bibi, anakukanda, anakupa uji wa moto, anakwambia lala, na hayo yote yanasaidia kweli. Ninachokataa ni mawili tu: dawa ya kunywa ambayo hujui kipimo chake wakati hujui kama una mimba au figo lako likoje, na kitu chochote cha kuingiza ukeni, iwe mzizi, limau, chumvi au zile dawa za kubana. Huko ndani hapahitaji kitu, hata sabuni, maji safi ya nje yanatosha.

Chakula, na hapa Kigoma tumebarikiwa

Kati ya virutubisho vyote vilivyojaribiwa kwa ajili ya PMS, kalsiamu ndo ina ushahidi unaoeleweka. Mwaka 1998 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani, wanawake walipewa miligramu 1200 za kalsiamu kila siku, ikafika mzunguko wa tatu dalili zao zikawa zimepungua karibu nusu. Niseme na upande wa pili, wale waliopewa vidonge vitupu nao walipungukiwa kama asilimia 30, kwahiyo kalsiamu ina msaada ila sio muujiza, na inataka miezi sio siku.

Sasa kalsiamu iko wapi? Iko kwenye dagaa. Dagaa wa hapa ziwani unamla mzima na mifupa yake, na kalsiamu iko kwenye mifupa. Usiwatoe vichwa, waoshe mchanga vizuri, kaanga au unga na mawese, kula. Migebuka mtamu kuliko, sikatai, lakini mfupa wake unautupa na kalsiamu unaitupa nayo. Maziwa glasi moja inakupa kama miligramu 300, mtindi vilevile kwa ambao maziwa yanawajaza gesi. Ukishindwa kabisa kupata kwenye chakula ndo ununue vidonge famasi, na kama ulishawahi kua na mawe kwenye figo muulize daktari kwanza.

Magneziamu nayo ina ushahidi kidogo, hiyo usinunue, iko kwenye maharage, karanga, mbegu za maboga, parachichi na majani ya kijani. Sombe (kisamvu) la karanga na maharage pembeni umemaliza. Vitamini B6 watu wanaiuza sana, ushahidi wake ni dhaifu, na ukimeza nyingi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi, kwahiyo usizidishe miligramu 100 kwa siku hata muuzaji akwambie nini.

Chumvi ndo shida yetu, tunakaa na Uvinza mlangoni na mkono mwepesi. Siku kama kumi kabla ya damu punguza chumvi ya mezani, samaki wa chumvi, krispi na vile viungo vya pakti, tumbo na miguu havitavimba sana. Maji usipunguze kwa kuogopa kuvimba, hayahusiani.

Ile hamu ya sukari usipigane nayo kwa kushinda njaa, ndo itakupiga zaidi jioni. Kula kidogo kila baada ya masaa matatu manne, na kila mlo uwe na kitu cha kushiba kwa muda, dagaa, maharage, yai, karanga. Soda na mandazi vinakupandisha nusu saa afu vinakuangusha. Kahawa najua kwa watu wa Kasulu na Buhigwe ni kama kuwaambia waache kupumua, basi weka mpaka iwe saa sita mchana ndo kikombe cha mwisho katika ile wiki, uone usingizi unavyobadilika. Pombe siku hizo inashusha mudi na kuvunja usingizi, yoyote ile, iwe ya dukani au ya kienyeji.

Kama damu yako ni nyingi fikiria na madini chuma. Chai ya rangi ukinywa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini, kunywa lisaa kabla au baada, na kwenye mboga kamulia limau au kula chungwa pale pale, hiyo inasaidia kuingia. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu usimeze kwa pamoja, vinagombana, kimoja asubuhi kingine usiku.

Mwili wenyewe

Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunapunguza uchovu, mudi mbaya na hata maumivu ya damu yenyewe. Kigoma ni vilima, hatuhitaji jim, panda tu kutoka sokoni bila bodaboda. Anza wiki nzuri ndo uendeleze kwenye wiki mbaya, ukisubiri wiki mbaya ndo uanze hutaanza. Mama anaebeba maji na ndoo za dagaa kutwa nzima huyu simwambii akafanye mazoezi, huyu namwambia apate mtu wa kumsaidia ndoo mbili siku zile za mwisho.

Matiti yakiuma vaa sidiria inayoshika vizuri, hata usiku, isiyo na waya. Usingizi masaa 7 mpaka 9, lala na kuamka muda uleule, simu iwe mbali. Rahisi kuandika, najua, mwenye mtoto mchanga aruke hii.

Dawa za maumivu, soma taratibu

Maumivu ya tumbo la chini damu inapoanza yanaletwa na kemikali zinaitwa prostaglandini, ndo zinabana mfuko wa uzazi utoe damu. Zikizidi zinagusa na utumbo, ndo mana siku ya kwanza wengi wanaharisha au kichefuchefu. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zinazuia hizo kemikali kutengenezwa, na hapo ndo penye siri: ukimeza mapema, damu inapoanza tu au hata jioni ya kuamkia siku hiyo kama daftari linakuonyesha ni kesho, inafanya kazi vizuri zaidi kuliko ukisubiri mpaka uko chini unajikunja.

Ibuprofeni kwa mtu mzima ni miligramu 400 baada ya kula, rudia baada ya masaa 6 mpaka 8, usizidi miligramu 1200 kwa siku bila daktari, siku mbili tatu inatosha. Usimeze ibuprofeni na diklofenaki kwa pamoja, ni ndugu moja, unajiongezea madhara tu na sio nafuu. Wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, pumu inayoamshwa na aspirini, na mwenye mimba, hizi sio zenu. Nyie mna parasetamo, ndo hiyo Panadol, miligramu 1000 kila baada ya masaa 6, isizidi 4000 kwa siku. Ina nguvu ndogo kwa maumivu haya ila ni salama kwa tumbo, mradi ini lako ni zima.

Kabla ya dawa au pamoja nayo, joto. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kanga ili isikuunguze, kuanzia kitovuni kushuka chini, nusu saa. Kuna tafiti zimekuta joto linakaribia kabisa nguvu ya ibuprofeni kwa maumivu ya hedhi. Chai ya tangawizi nyingi siku tatu za mwanzo nayo inasaidia baadhi ya watu, jaribu, ikishindikana umekunywa chai.

Mudi na watu unaoishi nao

Daftari likishakuonyesha siku zako mbaya ni zipi, zipangie. Kikao cha vikoba cha kugombania mkopo, kumwambia mpangaji ahame, kumjibu mama mkwe, kukata uhusiano, hivyo vyote kama vinaweza kusubiri siku sita visubiri. Sio kwamba hasira yako ni ya uongo. Mara nyingi jambo linalokuudhi wiki ile ni la kweli kabisa, kilichobadilika ni uwezo wa kulibeba, kwahiyo liandike kwenye daftari, na damu ikiisha lisome tena. Likiwa bado linauma wiki nzuri, hilo ni la kuongea na sio homoni. Likiwa limeyeyuka, liache lipite.

Na mume uongee nae wiki nzuri, usimwambie wiki ile ile mkiwa mnagombana, atasikia kisingizio. Kitu kama "Baba Zuhura, kuanzia tarehe 18 hivi mpaka 23 mimi nakuaga na hasira na uchovu, sio wewe umekosa, naomba siku hizo watoto uwaogeshe wewe na mambo ya hela tuyaongee baada ya hapo." Mpe kazi inayoeleweka. Ukimwambia tu naomba sapoti hatajua afanye nini na atakaa kimya, afu ukimya wake ndo utakuudhi zaidi.

Wanaume mnaosoma hii, lile swali la "kwani uko kwenye siku zako?" katikati ya ugomvi halijawahi kumtuliza mtu tangu dunia iumbwe.

Mwanafunzi mwenye mtihani unaoangukia wiki ile, soma magumu wiki ya pili ya mzunguko, ya mwisho iwe ya kurudia. Na mwambie matroni au mwalimu wa kike mapema, usisubiri siku ya tukio.

Damu ikiwepo

Hapa nitapita haraka. Pedi badilisha kila masaa 4 mpaka 6 hata kama haijajaa. Vitambaa au pedi za kufua ni sawa kabisa kiafya, loweka maji ya baridi, fua na sabuni, na anika JUANI, acha kuzificha chini ya godoro zikauke kwenye unyevu, huko ndo fangasi wanapotoka. Kama unaona aibu zianike juani ukizifunika na kanga nyepesi, masika zipige pasi. Kikombe cha hedhi kinakaa mpaka masaa 12, kinachemshwa kabla na baada ya kila hedhi, ukipiga hesabu ya miaka ni rahisi kuliko pedi, mana kodi nayo, serikali iliiondoa VAT kwenye pedi 2018 na ikairudisha 2019 ikisema bei hazikushuka, na sie wanunuzi tupo palepale.

Lini uache huu mwongozo uende hospitali

Nenda SIKU HIYOHIYO kama unalowesha pedi nzima kila lisaa kwa masaa mawili au zaidi, kama siku zimepitiliza na una maumivu makali upande mmoja au unazimia, hiyo inaweza kua mimba iliyotunga nje ya kizazi na inaua, kama una homa na uchafu wenye harufu na maumivu ya tumbo la chini, au kama unawaza kujiua au kumdhuru mtoto. Hilo la mwisho usisubiri damu itoke ndo upate nafuu, mwambie mtu mmoja sasa hivi asikuache peke yako.

Nenda kwa miadi kama damu inazidi siku 7, kama mabonge ni makubwa kuliko sarafu, unatoka damu katikati ya mwezi au baada ya tendo, maumivu hayasikii ibuprofeni au yanaongezeka mwaka hadi mwaka, tendo la ndoa linauma ndani. Hapo daktari anatafuta uvimbe kwenye kizazi, maambukizi, au endometriosisi, yaani utando kama wa ndani ya kizazi kuota nje yake, ambayo kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani inampata kama mwanamke 1 kati ya 10 walio umri wa kuzaa, na wengi wanaambiwa miaka na miaka kwamba kuumwa ni kawaida ya mwanamke. Kama una kitanzi cha shaba sema, kinaongeza damu na maumivu hasa miezi ya mwanzo. Omba na kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu kwa mwanamke asie na mimba ni upungufu.

Na kama daftari linaonyesha 3 za mudi kila mwezi, unashindwa kazi, ndoa inayumba, unakata tamaa ya kuishi afu damu ikija unarudi sawa, hiyo ina jina lake, PMDD, yaani PMS kali sana ya upande wa mudi, na imeingia rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani tangu 2013. Sio kurogwa, sio tabia mbaya. Kuna dawa: baadhi ya vidonge vya majira vya homoni mbili vinasaidia kwa kuzuia yai kutoka, na kuna dawa za jamii ya fluoksetini ambazo kwa sonona zinachukua wiki kadhaa lakini kwa PMDD zinaweza kuleta nafuu ndani ya siku chache, wengine wanazimeza zile wiki mbili za mwisho tu. Zote ni za kuandikiwa, usijinunulie. Mwenye presha, anaevuta sigara na ana zaidi ya miaka 35, au mwenye kipandauso kinachokuja na mng'aro machoni, vidonge vya homoni mbili sio vyake na lazima aseme.

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu uombe rufaa, kwa mjini ni hospitali ya Maweni, ulizia kliniki ya wanawake au kitengo cha afya ya akili kutegemea daftari limesemaje. Beba daftari lenyewe, kadi ya bima kama unayo, na maboksi ya dawa zote ulizomeza zikiwemo za kienyeji. Daktari akikuuliza hedhi ya mwisho ilianza lini mpe tarehe, na kabla hujaanza kueleza fungua zile kurasa za mizunguko miwili umuwekee mezani, foleni ni ndefu na dakika zako ni chache, ukurasa unasomeka haraka kuliko maelezo.